Spea kwa Kimo Chako

Nyumba ya kona,
Nyuma ya soko la mbao.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Mlingoti,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Hujambo huko? Kifua kimeacha kukusumbua? Unakula vizuri, au bado unashindia chai na mkate halafu unajifanya umeshiba? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto limeanza kunitabiria mvua, na halikosei.

Nyumba iko kimya mno. Juzi nimejikuta nagombana na redio. Mtangazaji kasema upuuzi wake, nikamjibu, halafu nikakaa nasubiri mtu acheke. Wa kucheka hayupo. Umenizoesha vibaya, bwana.

Kazi ya pampu za visima inaendelea. Balaa ni njia. Mwezi uliopita nilipata pancha nikitoka kwenye kisima cha mbali kabisa, kule kwenye changarawe. Tairi letu la spea si unajua linakaa chini ya tumbo la gari? Nikaingia uvunguni, nati zimeganda tope, nikavuta, nikatukana, na kulia nikalia kidogo, sikufichi. Halikutoka. Nilikaa kwenye boneti mchana kutwa mpaka lori la mchanga likapita na dereva akanisaidia. Meneja akasema nikikwama tena, ile njia anampa mtu mwingine. Na mimi bila ile njia sina kazi, nitabaki kuzubaa stoo nikihesabu mipira ya bomba.

Basi nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, yule mdomo haufungi, anitengenezee mkono wa kubebea spea nyuma ya gari. Akanionyesha aina mbili. Wa kwanza unafungwa kwenye mlango wa nyuma wenyewe. Ni rahisi, lakini tairi letu zito, na bawaba za ule mlango unazijua, zinalia hata bila mzigo. Wa pili unasimama juu ya bampa, una bawaba yake nene, unauvuta unafunguka kando kama geti, ndipo unafungua mlango. Huo nikaupenda.

Lakini hata huo nao una namna zake. Usio na pini, ukiufungua mahali pa mteremko unarudi wenyewe, lazima awepo mtu wa kuushikilia. Ulinirudia pale pale karakana ukanigonga ubavu. Fundi akauliza, "Kwani dada unasafiri na nani?" Nikamwambia, peke yangu. Nikachagua wenye pini ya kuuzuia usirudi.

Sasa sikia ujinga wangu. Fundi akataka kujua tairi likae kimo gani, maana lazima lilingane na mtu anayelinyanyua. Nikanyoosha mkono hewani, bila hata kufikiri: hapa. Naye akachomelea mkono, akatoboa matundu ya boliti za kufungia bamba la tairi hapo hapo. Nilipokwenda kulichukua gari, loo! Spea iko usawa wa kidevu changu. Kumbe nimempa kimo chako! Miaka yote hiyo mimi napiga jeki, wewe unanyanyua tairi na kulipachika, sasa mkono wangu ungejuaje kupima kingine? Fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, hii umemtengenezea twiga?" Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani sikuweza kucheka tena.

Jana amenirekebishia. Ametoboa matundu mengine chini, na lile bamba la kushikia tairi limeshuka mpaka kiunoni kwangu. Nikajaribu mwenyewe huku ananitazama: kufungua mkono, kutia pini, kushusha tairi, kulirudisha. Jasho lilinitoka kwelikweli, lakini nimeweza. Kesho naenda kwenye ile njia ya mbali, na meneja asiniletee maneno yake.

Shangazi anakusalimu sana. Anasema ukimya wako umezidi, na kwamba simu siyo pambo. Binamu yetu fundi cherehani amejifungua salama, mtoto wa kike, ana miguu mirefu kama wewe, maskini. Nisalimie wote wanaokuvumilia huko.

Limebaki moja. Fundi alitaka kuyaziba yale matundu ya juu, ya kimo chako. Anasema maji ya mvua yataingia humo na chuma kitashika kutu. Nilimkatalia, akaniona mkaidi. Mlingoti, ulipoondoka kwenda kufanya kazi huko ulisema ni mkataba mmoja tu. Sasa nasikia kwa watu kwamba umetia saini wa tatu. Siulizi kwa hasira. Nimekukumbuka, basi, na nimechoka kujibu "yuko njiani" kila ninapoulizwa. Kama unarudi, nayaacha wazi, kutu nitasugua mwenyewe. Kama hurudi, niambie kwa maneno yaliyonyooka, nikamwambie fundi ayazibe.

Mungu akutunze huko uliko, akupe afya na usingizi mwema.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako Mfupi.