Begi la Dharura Lililoniitia Wazee

Mpendwa Mshauri Generoza, pokea heshima zangu na uniwie radhi kwa kukuandikia kabla sijatulia, kwani naomba msaada katika jambo ambalo hata sasa akili yangu inakataa kulipokea. Mimi ni mhitimu wa shahada ya maendeleo ya jamii, nimeolewa hapa Nyansurura, na mume wangu Nelson anafanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Tarime, hivyo nyumbani naishi na mwanetu mdogo pamoja na mama mkwe. Baada ya mafuriko ya masika kubomoa nyumba ya jirani yetu Agustina, akabaki na kanga aliyojifunga tu, niliazimia kuandaa begi la dharura, nikachagua kwa uangalifu begi la mgongoni lisilopitisha maji, tochi ya kuchaji kwa jua, filimbi, dawa ya kutibu maji, redio ndogo, nguo zangu na za mtoto, vyeti vyangu vya masomo na cheti chake cha kuzaliwa, na kwa kuwa nilitaka likamilike kwanza ndipo niioneshe familia, ikiwezekana liwe mfano kwa kijiji kizima, nililiweka nyuma ya magunia ya mahindi bila kumwambia mtu.

Mama mkwe alikwenda kuchota mahindi akalikuta. Niliporudi kutoka bombani, Heche, baba mdogo wa Nelson, alikuwa ameketi sebuleni, begi limefunguliwa mezani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku anaigeuzageuza tochi.

"Mkamwana, umekosa nini hapa hata ufunge safari na mtoto wetu?"

Nikaeleza kwamba hayo ni maandalizi ya maafa.

"Maafa gani yanabeba vyeti?" akauliza mama mkwe. "Mafuriko yanataka digrii?"

Baba mdogo akasema, "Ng'ombe wetu wa mahari wako Itiryo kwa baba yako. Tukiwafuata, tutawakuta wote?"

Nilimpigia Nelson nikiamini angecheka, kumbe alikwisha kuambiwa. Akauliza, "Wegesa, kwenye hilo begi kuna hata shati langu moja?"

Halikuwemo.

Jumamosi wazee wa pande zote mbili wanakutana, na baba yangu ameitwa. Nampenda mume wangu. Nifanye nini ili ndoa yangu isivunjwe na begi?

Wegesa, Nyansurura

MSHAURI ANAJIBU

Wegesa mwanangu, pole. Nami nimeshtuka, ila si kwa sababu ya mama mkwe wako. Umezaliwa Itiryo. Kabla hujakiona chuo ulikwisha kujua kwamba mwanamke anayekusanya nguo zake na za mtoto akazificha nyuma ya magunia, watu hawamuulizi anakwenda wapi. Wanatuma mtu kwa wazee.

Vifaa ulivichagua vizuri, sikatai. Lakini maji yangeingia ukiwa sokoni Mugumu, nani angejua begi liko wapi? Nani angembeba mtoto? Ni mama huyohuyo. Naye angevaa nini, angemeza dawa zipi? Uliikumbuka redio, ukamsahau anayelala chumba cha pili.

Swali la Nelson usilijibu kitaalamu. Mwambie hukumfikiria kwa kuwa hayupo nyumbani, na kwamba umekosa. Kama kuna sababu nyingine iliyomwacha nje, basi niandikie hiyo, tochi tuiache. Mwombe aombe ruhusa kazini arudi kabla ya Jumamosi, maana kikao cha mke kikikaa bila mume, wanaoamua ni ng'ombe. Baba yako naye umpigie mwenyewe leo, asiisikie habari hii kwanza kwa wakwe zake. Siku ya kikao usitoe mada. Salimia, keti, na ukiulizwa jibu kwa kifupi.

Lakini usingoje kikao. Leo jioni mkalie mama mkwe karibu, begi likiwa tupu, umuulize: "Mama, maji yakija ghafla, wewe ungetoka na nini?" Kisha unyamaze. Atakachokitaja kwanza, kitie ndani mbele ya macho yake, hata kikiwa kizito.