Pale Tusipoanika Samaki

Niliandika haya Gisenyi, mwaka 1998. Papa, baba yangu, ametutoka sasa, kwa hiyo nayaweka hapa kama yalivyo. Lile jambo la mwisho sikuwahi kumwuliza tena.

Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, mlima Nyiragongo hauonekani hata moshi wake. Ziwa limetulia, mimi sijatulia.

Leo simwamini mtu. Simwamini Monsieur Léonard na albamu yake ya ndege, simwamini Kalisa wa forodha, na kinachoniuma ni kwamba tangu mchana simwamini hata baba yangu mzazi.

Naandika Kiswahili makusudi. Nyumbani tunaongea Kinyarwanda, na wifi yangu Consolata husoma kila karatasi inayopita mbele yake, hata ile iliyofungia sabuni. Kiswahili mimi nilikipata Goma, nilipokuwa nakaa kwa shangazi na kusoma. Consolata anakisikia sokoni, lakini kukisoma kunamchosha. Basi hapa niko salama, nadhani.

Nianze na huyu Monsieur. Alifika wiki iliyopita, akapanga chumba kwenye hoteli ya karibu na ufuko, viatu safi, mkoba wa ngozi begani. Anasema alikuwa mwalimu Goma na sasa anakusanya historia ya ndege za kivita zilizopita juu ya ziwa hili miaka ya sitini, wakati wa vita vya ng'ambo, kule Kongo. Nikajiuliza, ni nani anayekusanya historia ya vita vya zamani wakati vipya ndiyo kwanza vimeanza? Ndege za mizigo zinashuka Goma mchana kutwa, tunanyamaza katikati ya mazungumzo mpaka zipite. Wanajeshi wanatembea ufukoni wawili wawili. Yeye anazunguka na picha za ndege, anauliza wazee ni ipi waliiona.

Nilisema moyoni, huyu ni mpelelezi, ngoja aulize kuhusu ndege za leo. Hakuuliza. Hilo likanitia shaka zaidi.

Na wazee nao wana mambo. Mmoja aliweka kidole kwenye ndege ya injini moja, mwingine akaapa ilikuwa na mbili, wa tatu akasema ilikuwa na picha ya mnyama ubavuni. Nimekaa nao miaka, najua nani aliumizwa na nani katika vita vile. Kila mzee anachagua ndege ya upande asioupenda.

Juzi Monsieur alinikuta uwanjani kwetu, pale tunapoanikia sambaza, dagaa wetu wa ziwani, naosha mabeseni. Akaokota kopo la Papa, lile la kutolea maji kwenye mtumbwi. Nimelijua tangu utoto. Ni jepesi, halishiki kutu, na pembeni lina mstari wa ribiti ndogondogo, misumari ya kuunganishia bati. Akaligeuza polepole kama mkunga anayekagua mtoto.

"Mama Aline, hii chuma mulitoa wapi?"

"Ni kopo la kutolea maji tu."

"Naona, Mama. Lakini hii ilikuwa kipande ya bawa. Mi najua hizi ribiti."

Papa alikuwa karibu, anashona wavu. Akainuka, akalichukua kopo mkononi mwa mgeni, akaingia nalo ndani. Baba yangu husalimia hata watoza ushuru. Siku ile hakusalimia. Tangu hapo kopo halijaonekana, na ndugu zangu wanatoa maji mtumbwini kwa mkebe wa siagi.

Asubuhi hii Monsieur amerudi, safari hii na Kalisa. Kalisa ni karani pale Grande Barrière, mpakani na Goma. Alizaliwa Masisi, akarudi Rwanda na wale waliorudi kutoka Kongo. Ni mtu wa salamu nzuri, na samaki wangu hununua bila kubishana bei. Nilijua baba yake alikufa katika vita vile vya zamani. Sikujua ameibeba habari hiyo namna hii.

Wakasimama katikati ya uwanja wetu na kubishana utadhani sisi hatupo.

Monsieur anashikilia kwamba ndege iliyoanguka ziwani ilikuwa inabeba majeruhi, na rubani wake alikuwa mtu wa kusifiwa. Kalisa akatikisa kichwa.

"We unasoma vitabu. Mi nilizika papa yangu. Ile ndege ilipiga soko, halafu ikarudia tena juu ya batu benye walikuwa wanakimbia. Na rubani aliangukia hapa. Wavuvi ba hapa ndio walimuficha."

"Bon, hatuna preuve, hakuna ushahidi," Monsieur akasema. "Donc tutafute kaburi. Tukipata nguo na mifupa, tutajua alikuwa wa nani."

"Na ule alimuficha atatueleza mbele ya batu," Kalisa akasema. Alikuwa anamtazama Papa.

Papa hakuacha kushona wavu. "Ziwa ni kubwa, Messieurs," akasema.

Monsieur akacheka kwa adabu. Kesho, akasema, atarudi na mtu wa ofisi, watembee ufuko wote polepole. "Fasi walizika mutu inajulikana, Muzee. Hata kama hakuna musalaba. Batu banaikwepa."

Wakaondoka. Nikabaki na mabeseni yangu na hilo neno la mwisho.

Batu banaikwepa.

Uwanja wetu ni changarawe nyeusi. Tunatandaza nyavu za zamani, juu yake tunamwaga sambaza, tunawageuza mpaka wakauke. Lakini upande wa ukuta wa mawe kuna kipande, urefu wa kitanda, ambacho hatujawahi kuanikia. Nilipokuwa mdogo Papa aliniambia pale jua halifiki, samaki wataoza. Consolata alipoolewa kwetu nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya mwenyeji. Yeye amewafundisha watoto. Ukoo mzima tunazunguka pale na mabeseni kichwani, hata mvua ikitukimbiza.

Mchana mawingu yaliachana kidogo. Nikatazama. Jua lilikuwa pale sawasawa na kwingine kote.

Nimeanika samaki maisha yangu yote na sijawahi kulitazama jua lenyewe.

Hapo ndipo mawazo mabaya yalipoingia, na nitayaandika kama yalivyokuja. Nilimwona Papa kijana, na mtu aliyelowa ufukoni, ana saa mkononi, ana viatu vizuri, labda ana pesa. Nikajiambia, mtu hadanganyi watoto wake kuhusu jua kwa sababu ya jambo jema. Nilimwogopa baba yangu. Sijawahi kumwogopa, hata aliponichapa.

Nikaenda ndani. Alikuwa ameketi kitandani, kopo liko magotini.

"Papa, pale ukutani kuna nani?"

Akauliza nani ameniambia. Nikamwambia ni jua.

Basi akasimulia, kwa Kinyarwanda, akiangalia kopo badala yangu. Alikuwa hajaoa, mdogo kuliko wote katika kikosi cha wavuvi cha mjomba wake. Ndege ilikuja chini chini, inatoa moshi, ikapiga maji. Wakapiga makasia kuifuata. Yule mtu alikuwa ameshikilia kipande cha bati la ndege, hakutaka kukiachia. Baadaye mjomba alikigonga kikawa kopo, kwa sababu, alisema, kitu kilichomshikilia mtu juu ya maji hakitupwi.

Na wavuvi wa huku wana desturi yao. Mtu mliyemtoa majini ni wa kikosi chenu. Hamwulizi alikuwa wa nani. Akifa mnamzika ninyi, na juu yake hamfanyi kazi. Haya niliyajua, kila mtoto wa ufukoni anayajua. Sikujua kwamba nimekua pembeni ya mmoja wao.

"Alikuwa hai mlipomtoa?"

Papa akaligeuza kopo.

"Alikuwa anapumua."

Walimlaza nyumbani kwa mjomba. Siku iliyofuata walikuja watu wa upande mmoja kumtafuta, na jioni wakaja wa upande mwingine. Wote walikuwa na bunduki, na hawakusema kama wanamtafuta wamponye au wammalize. Mjomba aliwajibu wote kwa neno moja, kwamba ziwa ni kubwa. Usiku ule yule mtu akafa.

"Alikufaje, Papa?"

"Alikufa."

Baba yangu ni msemaji. Ukimwuliza bei ya wavu atakuelezea wavu wa babu yake. Leo nimemwuliza swali zito kuliko yote na amenipa neno moja. Labda muuguzi angemwokoa, nao wakamficha hata muuguzi kwa hofu. Labda kuna zaidi. Namwamini Papa tangu majini mpaka mlangoni mwa mjomba. Kilichotokea ndani ya nyumba, sijui.

Hili najua. Kesho wakimpata, na nguo zikasema alikuwa wa upande anaouchukia Kalisa, Papa alimficha muuaji. Zikisema alikuwa wa upande wa Monsieur, Papa alimwacha mtu mwema afe bila daktari. Kwa vyovyote anatakiwa mtu wa kujibu. Mjomba amekufa, wengine wa kikosi wote wamekufa, amebaki yeye. Na siku hizi huku kwetu mtu anaondolewa nyumbani kwa jambo dogo kuliko hili, na familia inabaki kuuliza amepelekwa wapi.

Monsieur hahitaji hata jembe. Akikaa hapa asubuhi moja tu akatutazama tukifanya kazi, miguu yetu itamwonyesha.

Basi alasiri nikafanya nilichofanya. Nikachukua wavu wa zamani nikautandaza pale ukutani, nikaleta beseni la samaki waliokauka nusu, nikaanza kumwaga. Consolata akatoka jikoni, akashika kiuno.

"Pale wataoza, Mama Aline. Si we mwenyewe ulinifundisha?"

"Leo jua limefika," nikamwambia.

Akanitazama, akatazama juu kwenye mawingu, akanitazama tena. Hakuamini hata nusu. Lakini akarudi jikoni, na kwa hilo namshukuru.

Kisha Papa akatoka. Nilijua atanifokea, maana nilikuwa navunja kitu alichokilinda kabla mimi sijazaliwa. Akafika ukingoni mwa ule wavu, akavua kandambili zake, akaziweka pembeni. Akapiga magoti. Akaanza kutandaza sambaza kwa mkono, polepole, ambapo sisi wengine tunamwaga na kusukuma tu.

Nilikuwa nimeacha nafasi kidogo upande wa mlima.

"Usiache pale," akasema. "Ndipo kichwa."

Nikapajaza. Nililia, na sikujificha. Yeye hakulia, ila alikuwa anahema kama aliyepanda kilima.

Tulipokaribia kumaliza akasema, bila kunitazama, "Alituambia jina lake. Na kwao. Wenzangu wote wameondoka nalo. Sasa liko kwangu tu."

Akafungua mdomo alitaje.

Wiki nzima nimechunguza kila mtu. Nimesikiliza milangoni, nimemchungulia Monsieur akinywa bia, nimehesabu uongo wa kila mzee. Jibu lilikuwa hili hapa, mdomoni mwa baba yangu. Jina na kwao, na ningejua ndege ilikuwa ya nani, ningejua kama mtu aliyelala chini ya magoti yetu alikuja kuua au kuokoa. Pengine ningejua na kwa nini alikufa usiku ule.

"Papa, usiniambie," nikasema.

Akasita na samaki mkononi.

"Kesho wataniuliza. Uso wangu hauwezi kuficha kitu, we unanijua. Acha niwe sijui."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa utaniambia."

Akaitikia kwa kichwa. Akamweka yule samaki wa mwisho, akasafisha viganja, akavaa kandambili zake. Hawa, akasema, tusiwauze. Tutawala wenyewe nyumbani.

Sasa wote wamelala isipokuwa Consolata, naona mwanga chini ya mlango wake. Pale ukutani kunanuka samaki kama uwanja wote unavyonuka. Monsieur akija atapita pale asione kitu, nikijaliwa.

Nimemwambia Papa sitaki kulisikia lile jina kwa ajili ya kesho. Alinielewa, au alijifanya kunielewa. Lakini nikijisoma hapa juu, mimi niliyeanza ukurasa huu kwa kusema simwamini mtu, naona hata hayo niliyomwambia siyaamini. Pengine si kesho niliyoiogopa, ni jina lenyewe.