Siku Ulipoacha Kunisalimu

Mama mpendwa,

Nianze na salamu, maana bila salamu ungeirudisha barua hii kabla ya kuisoma. Hujambo huko uliko? Sisi tunaendelea. Duka lako la ushonaji pale Troyeville amelichukua dada mmoja wa Lubumbashi, na nikipita huwa natazama pembeni.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikata kitenge? Mkasi uko katikati ya nguo ya harusi ya mtu, jirani anapita, unaulaza mkasi mezani. Habari za asubuhi, za watoto, za mguu unaomsumbua, za kwetu Bukavu. Nikikuuliza kwa nini usimalize kwanza, unasema, "Kitambaa kinangojaka." Kumwacha mtu na salamu yake mdomoni, kwako ilikuwa dharau kubwa kuliko tusi.

Ndivyo ulivyoingia mchana mmoja kwenye chumba cha dharura ninakofanya kazi ya udaktari, bakuli la sombe, kisamvu chetu, mkononi. Nilikuwa nahesabu dawa ya mtoto wa miaka miwili mwenye degedege. Tangu asubuhi sikuwa nimemaliza jambo hata moja bila kukatizwa. Naanza kumsikiliza mzee mwenye kifua, simu inalia. Nashika simu, naletewa karatasi nitie saini. Natia saini, ambulensi imefika. Nikirudi kwa yule mzee, akili inapapasa ilikuwa imeishia wapi. Ndipo nikasikia sauti yako mlangoni, ukiniita mama kama kawaida yako.

"Jambo mama! Uliamuka? Ulilala muzuri? Ulikula?"

Nikakujibu zote. Ningeachaje? Nikajibu huku kalamu ikiendelea, na nukta ya kipimo cha dawa nikaiweka mahali si pake. Nomvula, muuguzi wangu, akasoma karatasi kwa sauti kabla ya kuvuta dawa kwenye sindano, akaisoma tena. "Eish, dokta, hii si mara kumi?" Ilikuwa mara kumi. Mtoto akapewa dawa sahihi, akatulia, na mimi nikaenda kujifungia chooni.

Jioni nilikusimulia nikijua utakasirika. Hukukasirika. "Kwa siku banakukatiza mara ngapi?" uliuliza. Nikasema sijawahi kuhesabu. "Na unakumbukaka yote?" Ulinitazama kana kwamba ndiyo kwanza unaniona. Kisha ukasema polepole, "Kumbe dawa haingojake."

Tangu siku hiyo hukunisalimu tena nikiwa naandika. Wewe! Uliingia kimya, ukaketi kwenye benchi, bakuli mapajani, macho kwenye kalamu yangu. Wauguzi walidhani tumegombana. Nimefanya kazi na mabingwa wenye vyeo virefu, lakini sijaona mtu mwingine aliyeacha tabia ya maisha yake yote kwa mazungumzo ya jioni moja.

Halafu ikaja ile siku nyingine. Uliketi kwenye benchi bila bakuli. Nilikuona kwa pembe ya jicho, nikafurahi, nikaendelea na kazi. Mbele yangu alikuwa baba mmoja mlinzi kutoka Jeppestown, amechomwa kisu, anavuja damu kuliko tulivyoweza kumwongezea. Nomvula alikuuliza kama uko sawa. Ukamjibu, kwa Kizulu chako cha sokoni, kwamba daktari asiitwe, amalize kwanza. Ukangoja robo saa nzima. Nilipoinua kichwa ukatabasamu, ukanisalimu kikamilifu, na baada ya hapo tu ukasema, "Kifua kinaniuma, mama."

Ulikaa wodini siku mbili, ukatutoka. Wenzangu wanasema robo saa ile isingebadilisha kitu. Sijui kama wanasema kweli au wananihurumia. Nimekukasirikia sana, nisikudanganye. Ungeniita! Siku nzima naitwa na kila mtu, na wewe uliyekuwa na haki kuliko wote ukanyamaza.

Wiki iliyopita yule mlinzi alirudi kutolewa nyuzi. Alitembea mwenyewe hadi kitandani, akakaa, akavua shati bila kusaidiwa. Akaniambia amesikia kwamba siku ile sikugeuka hata mara moja mpaka damu ikakatika. Nikamwambia ni kweli. Akanishukuru, na nilitaka kumwambia ni nani wa kushukuriwa, lakini nikainamia nyuzi zake.

Basi nimeona nikufikishie mwenyewe. Asante, mama. Yule baba ni mzima.

Pumzika salama.

Mimi binti yako wa kwanza