Fundo Langu Kwenye Kichupa cha Lopitalo

Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru,
Tarehe 9 Agosti 1976.

Mupendwa mupwa wangu Valère,

Pokea salamu mingi za mujomba wako Chishimba. Wewe na bibi yako wa ndoa, Ngalula, mungali wazima huko Lubumbashi? Kile kikohozi chake kiliisha? Sisi huku tungali na nguvu. Mama yako Mable goti linamusumbua, lakini ulimi wake haujambo kabisa.

Bahasha hii nimeibandika gundi mara mbili. Kule posta kuna mutu anasoma barua za watu. Nimemujua kwa macho yake.

Valère, ile barua yangu ya Pasaka, niliyokuamuru umurudishe Ngalula kwao kabla ya mvua kwa sababu miaka mine hajazaa, ipasue. Usimurudishe. Sababu ni hii.

Bibi yangu mupya, Eness, naye huu ni mwaka wa tatu bila mimba. Nikamushuku anakunywa mizizi kwa siri. Nikapekua nyumba nzima, mpaka ndani ya chungu cha unga. Akachoka nami, akanivuta lopitalo. Nesi akatutazama sisi wawili, kisha kichupa cha kupimia mbegu za kiume akanipa mimi. Mimi, baba wa watoto wawili, niliyemuvuta mamba kwa mukia kule Mununga! (Wenye wivu wanasema alikuwa kenge.)

"Sista, mugonjwa ni huyu hapa. Mimi nilishamushinda mamba."

"Baba, mamba umemuacha ziwani. Lete kichupa."

Nikajua watabadilisha na cha mutu mwingine. Basi nikafunga shingo ya kichupa kwa uzi mwekundu wa wavu, kwa fundo langu lile ninalofungia maboya. Unalijua. Hakuna mwizi wa Mweru aliyewahi kuliiga.

Siku ya majibu, kichupa kilikuwa mezani kwa daktari muzungu. Akasema mbegu ni chache sana, zilizopo hazitembei, na usaha umo. Nikaligeuza lile fundo mara tatu. Ni langu.

Akaniuliza kama niliwahi kuugua sopisi, kile kisonono. Valère, unakumbuka kambi yetu ya uvuvi, mwaka wa 1971? Tuliugua wote wawili. Camille, yule muuza dawa wa ng'ambo, alituuzia vidonge kumi na viwili, akasema vyote ni vya mutu mumoja. Nikamwona mwizi, anataka tununue mara mbili. Nikavigawa kama samaki: sita vyako, sita vyangu. Siku ya tatu maumivu yakakoma, nikajisifu kambi nzima.

Wale watoto wangu wawili walizaliwa kabla ya kambi ile. Baada yake, sikupata hata mumoja.

Daktari anasema ugonjwa usiouawa vizuri unaacha makovu kwenye njia ya mbegu. Tena moto wake mudogo unabaki ndani, unakula mbegu kama kutu inavyokula ndoana, na tumbako inauchochea. Mengine, anasema, hata wao hawajayajua vizuri. Hapo kidogo nikamushuku tena.

Lakini nimehesabu niliowashuku: Eness, Ngalula, Camille, nesi, daktari. Mutu mumoja tu sikumushuku: aliyegawa vidonge.

Kwa hiyo nendeni lopitalo wote wawili. Dawa mutakazopewa, kila mutu amalize zake. Mimi na Eness tumemaliza, na kiko changu cha tumbako nimekitupa ziwani. Daktari hakuniahidi mutoto. Na wewe sikuahidi.

Humu ndani nimeweka uzi mwekundu. Funga kichupa chako kwa fundo letu, halafu ukubali watakachokuambia.

Mama yako na Eness wanawasalimu. Mungu awape mutoto, asipowapa, asiwatenganishe.

Ngalula umusomee barua hii yote, hata pale pa mamba. Umwambie ni kenge.

Mujomba wako, anayekupenda na asiyekushuku,
Chishimba