Papa, Salamu Ndizo Zilizobaki

Kwako Papa,

Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya cherehani, hapa nyumbani Gisenyi. Mama amekataa iuzwe. Nina jambo la kuungama kwako. Ujumbe wote ulionitumia kwenye simu nimeupoteza, Papa, kwa mkono wangu mwenyewe na kwa kazi ileile uliyonisomesha.

Unakumbuka siku uliyoniuliza ninafanya nini Kigali mchana kutwa? Ulikuwa unakata suruali ya mteja wa Goma. Nikakwambia wiki hiyo nilipewa maandishi marefu, nikatoa humo namba za simu tu. "Kwa macho?" ukauliza. Nikasema hapana, naandika mstari mmoja wa alama, tunauita regex, unaoeleza umbo la kitu ninachotafuta. Kompyuta inapita juu ya maandishi na kuchukua kila kinachofanana nalo. Ukainua karatasi yako ya kukatia. "Donc ni patroni. We unakata maneno, mi nakata kitambaa." Kisha ukanionyesha gunia la vipande chini ya meza. "Lakini usitupe mabaki kabla mutu avae nguo. Patroni haijue kitu, inakata tu." Nilicheka. Nilijiona nimesoma kukuzidi.

Tulipokuzika nilirudi Kigali na simu iliyojaa ujumbe wako wa miaka. Nilitaka maneno yako peke yake, bila majibu yangu, maana majibu yangu yananitia aibu: sawa Papa, niko kwenye mkutano Papa, nitakupigia Papa. Nikahamisha mazungumzo yetu yote kwenye faili moja, nikaandika mstari wangu wa alama: tafuta jina la Papa mwanzoni mwa kila ujumbe, chukua yanayofuata. Kwa hayo yanayofuata niliweka nukta, ambayo kwetu husimama badala ya herufi yoyote. Ikaleta mistari mingi, yote yako. Nilitazama michache ya juu, nikalia, nikafuta mazungumzo pamoja na lile faili la kwanza, nisiyaone tena majibu yangu. Sikuacha hata kipande kwenye gunia.

Juzi ndipo nikakaa kusoma yote. Papa, ni salamu tupu. Wewe hukuwahi kumwambia mtu neno kabla ya kumjulia hali. Hata kwenye simu ulisalimia kwanza, ukashuka mstari, ndipo ukasema lililokuleta. Na ile nukta haivuki mstari. Nilijua hilo tangu mwaka wa kwanza chuoni, nikalisahau kwako. "Umeamuka muzima, mwana wangu? Siye tuko." Basi. "Jambo mwana wangu, mama wa Kigali, baridi iko aje?" Basi. Habari za magoti yako na chemchemi ya maji ya moto ya Nyamyumba ulikoyakanda, mashauri yako, utani wako juu ya wateja wanene, vyote vilikuwa chini, vimekatwa. Simu yako nayo Mama alikuwa ameshampa binamu, naye akafuta kila kilichokuwamo siku hiyohiyo.

Hilo ni kosa la kazi, ningeweza kulibeba. Linalonivunja ni kwamba ulipokuwa hai nilikusoma vivyo hivyo. Mstari wa kwanza ulitokea juu ya kioo, nikausoma bila kuufungua ujumbe, nikajibu salamu, nikaendelea na shughuli zangu. Mengi niliyokata sikuwahi kuyasoma.

Mstari wa mwisho kwenye faili ni wa Jumanne, siku mbili kabla hujatuacha. "Mwana wangu, umeamuka? Mi niko, mama yako iko." Nakumbuka niliona kwamba ujumbe unaendelea. Nikajibu niko salama, nitakupigia jioni. Jioni sikupiga.

Jana nimemuuliza Mama kama anajua uliniandikia nini asubuhi ile. Anasema ulikaa mlangoni na miwani yako, ukaandika kwa kidole kimoja mpaka chai ikapoa. Alipotaka kukuletea nyingine ukamwambia, "Ngoja kwanza, niko na mutoto." Hakukuuliza unaandika nini.

Pumzika, Papa. Salamu zako zote nimezisoma, na leo nazijibu moja moja: nimeamka, niko, baridi ipo. Nisamehe hayo mengine. Ulikuwa unaniambia nini?

Ni mimi, binti yako wa kwanza, uliyemwandikia mpaka chai ikapoa.