Mlio wa Diski ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, mguu bado unamsumbua akipanda ngazi, ila akiulizwa anasingizia viatu.

Uliniomba nitazame kwenye kompyuta ya baba kama alikuachia neno lolote, kwa kuwa alifariki mkiwa hamsemezani. Miezi miwili sijakujibu, na si kwa sababu ya mitihani kama nilivyokudanganya kwenye simu.

Mwanzoni kompyuta iligoma. Ilinguruma kidogo, kisha skrini ikaandika kwamba hakuna diski. Nilimwita fundi wa mtaa wa pili. Alicheka, akasema mashine hii imenizidi umri, niipe shikamoo kwanza. Kisha akanieleza kwamba diski imezeeka na inachelewa kuanza kuzunguka. Kompyuta huiita mara moja tu, isipoitika inadhani haipo. Dawa yake ni kuiwasha, kusubiri diski ishike mwendo, ndipo nibonyeze kitufe kidogo cha kuianzisha upya bila kukata umeme. Unakumbuka baba alivyokuwa akiiwasha, anakwenda kunyoa ndevu, anarudi na povu shavuni kuibonyeza tena? Tulimcheka kwamba anaibembeleza. Kumbe alikuwa anaijua.

Fundi alinionya pia kwamba kila kuwashwa kunaimaliza, hivyo ninakili kila kitu kwenye flashi siku hiyo hiyo, kisha niiache.

Iliwaka. Barua yako ilikuwemo, dada. Jina lako juu, mistari minne chini.

Nilinakili picha na karatasi zake za kazi. Barua yako niliiacha makusudi. Diski ile ikiamka hukwaruza mara mbili, hutulia, kisha huvuta pumzi ndefu, kama baba alivyokuwa akikohoa bafuni kabla ya kutuamsha. Nilijua nikishakutumia barua, sitakuwa na sababu ya kuiwasha tena. Basi kila nikitoka shule niliiwasha, nikaisoma, nikaizima. Mama aligundua, akaniambia niache, eti nyumba imekuwa kama ina mtu. Kesho yake, saa ile ile, nilimkuta koridoni na ufagio mkononi, hafagii. Siku niliyochelewa maktaba aliniuliza mbona leo kimya.

Jumanne iliyopita ilikwaruza mara mbili, ikatulia. Nilisubiri. Nilibonyeza, nikasubiri tena. Fundi aliifungua, akasema imekwisha. Hakuniuliza niliiwasha mara ngapi.

Kwa hiyo ninakuandikia ninachokumbuka. Alisema hasira zake ziliisha siku ile ile uliyoondoka, ila aliona haya kuanza yeye. Alisema kitanda chako hakijahamishwa. Alisema simu ikilia huacha mama aipokee, asikie kama atalitaja jina lako. Mstari wa nne ulianza na neno "Ukirudi". Mengine siyajui, na siwezi kukubunia. Kila siku nikifika hapo nilikuwa sisomi tena, nasikiliza diski.

Nisamehe kama utaweza.

Jana saa tisa na nusu alasiri, saa niliyozoea kuiwasha, tulisikia mkwaruzo, mara mbili. Waya wa umeme nilikwisha kuuchomoa. Mama aliniangalia, nami nikamwangalia, tukasimama pale koridoni tukiisubiri ile pumzi.

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Kitanda chako bado kiko palepale.

Ni mimi,
mdogo wako