Pamba ya Chumbani

Bunda, Agosti

Dada Ghati,

Sisi wazima. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Pamba imejaa chumbani, tunalala sebuleni. Mnunuzi ni mmoja tu na bei anapanga yeye. Kwenye mkutano niliwasimulia wakulima habari ninayofundishaga darasani: zamani wakulima wa Marekani walihamia magharibi, wenye reli wakawakandamiza kwa nauli za mizigo, wakaunda chama chao cha siasa. Watu walishangilia, wakanichagua mwenyekiti, wakaapa kutouza mpaka bei ipande.

Sasa mvua inakaribia, na pamba ikilowa haina bei. Nikiuza mimi, nimewauza wote.

Jana jirani yetu, mzee Mashimba, aliniuliza, "Mwalimu, wale wa Marekani walishinda?"

"Walishinda, mzee."

Dada, walishindwa uchaguzi na chama kikafa. Hilo sijamwambia mtu.

Mdogo wako,
Revocatus